Fundi Anachota Misumari

Hebu keti vizuri, fumba macho kidogo, ulione benchi ninalokusimulia. Ni la mbao, mguu wake mmoja ulikatika na mahali pake pakawekwa matofali, na limeegemea ukuta wa shule. Juu yake, ghorofani, kuna dirisha refu lisilofungika. Huko ndiko kwaya ya shule hufanyia mazoezi kila alasiri. Chini ya dirisha hilo, ubavuni mwa benchi, fundi viatu ameweka kigoda chake, chuma chake cha kugongea, kopo la misumari na rundo la viatu vya watu. Jina lake la kuzaliwa limesahaulika siku nyingi. Kijiweni wanamwita Soli. Anapofanya kazi, misumari huishikilia midomoni, hata kwa mbali ungedhani ameota masharubu ya chuma. Muuza kahawa ameshatua buli lake juu ya jiko, vikombe vinazunguka, na wenyeji wa benchi wanabishana kama kawaida yao. Siku hiyo lakini dirisha lilikuwa kimya. Kwaya ilikuwa imesafiri kwenda nchi ya mbali, kuimba na kutembezwa, na mwimbaji wake wa mbele alikuwa binti wa mwisho wa Soli, yule ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa sababu ya sauti yake.

Soli naye alikuwa kimya. Kiatu cha mtu alikuwa amekipakata kama mtoto mgonjwa, na nyundo ilikuwa imelala chini.

Habari zilikuwa zimeingia mchana ule katika simu ya Shangazi Pindo, fundi cherehani aliyewashonea watoto wale sare zao za safari. Simu ya Soli ni ya kubonyeza, haijui picha wala salamu za sauti, kwa hiyo habari za Chiriku hupitia kwa Pindo. Na kwa kuwa simu ya Pindo haina siri na spika yake haina adabu, kijiwe kizima kilikuwa kimeshasikia.

Siku zilizotangulia zilikuwa za raha. Zilikuja picha za mnara ambao ncha yake haikuenea kwenye kioo cha simu; za treni inayopita chini ya ardhi kama panya; za ngazi zinazopanda zenyewe, nawe umesimama tu; na za nyumba ya makumbusho yenye mifupa ya mnyama wa kale, mkubwa kuliko jengo la shule. Kila picha ilipofika, benchi zima lilisogea, vichwa vikagongana, na kila mtu akaondoka pale akihisi na yeye kapanda ndege kidogo. Lakini siku hii haikuja picha. Ilikuja sauti ya mtoto aliyelia akanyamaza.

— Baba, shikamoo. Jana tuliharibu. Nyimbo zenye kinanda zilikwenda vizuri, ila ule wetu wa mwisho, usio na kinanda, tuliachana njiani. Wengine mbio, wengine nyuma. Mimi nikaingia peke yangu, ukumbi mzima kimya, nikakatika. Leo ndiyo onyesho kubwa la kufunga. Nitamwambia Mwalimu amweke mwingine. Mimi sisimami mbele tena. Usikasirike, Baba.

Soli hakukasirika. Alichokuwa nacho ni kibaya kuliko hasira: alitaka kumwambia mwanawe neno la kumwinua, na neno hakuwa nalo. Yeye hajawahi kuimba hata harusini. Angemfundisha nini mtu wa kuimba?

Wenzake, kwa upande wao, maneno hayakuwapungukia.

Wa kwanza alikuwa kinyozi wa duka la pili, anayeitwa Utafiti, kwa kuwa hawezi hata kukuuliza unataka upara au panki kabla hajakwambia utafiti unaonyesha nini. Alikuwa ametoka nje na kitana sikioni, kamwacha mteja kwenye kiti.

— Utafiti unaonyesha koo ni kama mafuta ya kupikia, akasema. Baridi ikizidi, yanaganda. Huko walikokwenda ni baridi. Sasa mnashangaa nini?

— Koo si mafuta, na wewe si daktari, akajibu mzee wa pembeni. Huyo ni Ramani, dereva wa malori aliyestaafu. Amevuka mipaka mingi, na hakuna nchi inayotajwa pale bila yeye kukuonyesha ilipo kwa kidole, hata kama kidole kinaelekea dukani kwa muuza mkaa. — Tatizo ni umbali. Sauti hupungua njiani kama maji ya rejeta. Mimi nilikuwa nikitoka hapa nikiimba, nikifika mpaka wa pili nimebaki na mluzi tu. Ndiyo wahenga wakasema mwenda pole hajikwai. Wangekwenda kwa lori, wangefika na sauti zao nzima.

— Na bahari je? akauliza Shangazi Pindo bila kuinua macho kwenye simu. Lori lako lingeogelea?

— Kuna barabara zake, akasema Ramani, akanywa kahawa haraka asiulizwe zaidi.

Utafiti hakukubali kushindwa na lori. Akaomba simu, akatafuta ile picha ya mnara. Watoto wote walikuwa wamesimama chini yake, vichwa nyuma, vinywa wazi, wakitafuta ncha. Akaionyesha benchi zima kama wakili anayeonyesha ushahidi. Shingo hizo, akaeleza, zimevutwa kupita kiasi. Shingo ikivutwa, mshipa wa sauti unakuwa mwembamba, na sauti nene haiwezi kupita tena. Wale waimbaji wa sauti ya chini ndio waliopata hasara kubwa kuliko wote, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao badala ya kuinama walikuwa wakitazama juu.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamimina kahawa kando ya kikombe cha mtu. Ramani, kwa vile amepitwa, alisubiri kicheko kiishe, kisha akaweka wazo lake mezani. Yeye alishuku ile mifupa. Mnyama mkubwa kiasi kile, akasema, alikuwa na mngurumo, na mngurumo hauozi. Nyama huoza, mngurumo hubaki mifupani. Watoto wakaenda kusimama mbele yake midomo wazi. Wameuvuta. Sasa kila wakitaka kuimba, mnyama anawaingilia.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamalizia. Mtazameni mnyama mwenyewe, amebaki mifupa mitupu.

Pindo akamwambia kwamba kama mngurumo ungekaa mifupani, basi yeye Ramani akifa makumbusho yale yatahitaji ukuta mnene. Wakacheka tena. Soli hakucheka. Ndipo Utafiti, ambaye kicheko humpa ujasiri wa kusema asiloombwa, akamgeukia.

— Sipendi kukuumiza, jirani yangu. Lakini tuseme ukweli. Mwaka mzima watoto wanaimba huko juu, wewe huku chini ko-ko-koo, ko-ko-koo. Masikio yao yamejaa misumari. Mtoto aliyelelewa kwenye kelele, ukimpeleka kwenye ukumbi wa kistaarabu, anapotea.

— Kinyozi, akasema Pindo polepole, wembe uache dukani.

— Mwache, akasema Soli. Huenda ni kweli.

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa ameshalifikiria, tena si siku hiyo tu. Mazoezi yalipoanza, Mwalimu wa kwaya alikuwa akitoa kichwa dirishani na kumwomba, kwa heshima kabisa, fundi, tupishe kidogo. Soli akatua nyundo. Lakini viatu vya watu havijui mazoezi. Mwenye kiatu akija anataka kiatu. Siku mbili akanyamaza, siku ya tatu akagonga. Mwalimu akatoa kichwa tena, na tena, halafu siku moja akaacha kukitoa. Soli akahesabu kwamba amechoka kumwambia. Siku ya safari, alipowapelekea watoto viatu vyao, vyote amevitia visigino vipya kwa mkono wake, alimwendea Mwalimu kumwomba radhi kwa kelele za mwaka mzima. Mwalimu alikuwa katikati ya mabegi na watoto, akamshika tu bega akatabasamu. Soli aliondoka bila kujua kama amesamehewa.

Sasa akaichukua nyundo, akaitia sandukuni, akafunga kifuniko. Hakuna aliyewahi kumwona akifunga sanduku jua lingali juu.

Wakati huo mama mmoja kijana alikuwa amefika, mtoto mgongoni, mguu mmoja na sandali, mwingine peku. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Ukanda wa sandali ulimkatikia akipita, akaelekezwa kwa fundi wa chini ya dirisha. Alipoliona sanduku limefungwa alisita. Pindo akamwambia aketi, mwanangu, fundi anapumzika kidogo, akampisha pembeni ya benchi. Muuza kahawa akamtilia kikombe.

Kisha Pindo, akitaka kumtuliza Soli na kumnyamazisha kinyozi kwa mkupuo mmoja, akasema watu wasisahau watoto wale walivyoimba kabla ya kusafiri. Yeye mwenyewe aliwarekodi mazoezi ya mwisho, akiwa amekaa hapo hapo. Akabonyeza, akaweka simu juu ya benchi.

Wimbo ukatoka. Ulianza chini, sauti za wavulana, kisha wasichana wakaingia juu yake kama maji yanayopanda kisimani. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mamaye akaanza kurusha miguu. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kikaja kimya kidogo, pumzi moja ya watu wengi, halafu sauti ya Chiriku ikainuka peke yake na kufungua ubeti wa tatu. Soli aliinamisha kichwa.

Ulipokwisha, mama wa sandali akasema ni wimbo mzuri, hata huyu mwanawe kaupenda. Akaeleza kwamba kwaya hiyo hakuijua. Alitaka tu kufahamu jambo moja.

— Na huyu anayegonga, wamekwenda naye?

Ramani aliinua kidole kuonyesha mahali, kidole kikakosa pa kuelekea. Muuza kahawa akabaki ameshika buli hewani. Mwisho wote wakageuka kulitazama sanduku lililofungwa.

— Rudisha, akasema Soli.

Pindo akarudisha wimbo mwanzo. Safari hii hawakusikiliza sauti. Walisikiliza chini ya sauti. Na kweli, kule chini, tangu neno la kwanza, ilikuwapo: ko, ko, koo. Ko, ko, koo. Mbili nyepesi, moja nzito. Sauti zilikuwa zimeiegemea kama mzabibu unavyoegemea fito. Walipofika kwenye kile kimya, mama wa sandali akauliza tena, kwa upole, hapo mgongaji anafanya nini.

Soli alikuwa anatazama mikono yake.

— Hapo midomo imekwisha misumari, akasema. Nachota mingine koponi.

Akawaeleza, polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Msumari wa kisigino hugongwa mara tatu: mbili za kuusimamisha, moja ya kuuzamisha. Watoto wakianza wimbo, naye huanza na mdomo uliojaa, na mdomo mmoja unatosha beti mbili. Hakupanga hivyo. Mkono ulizoea wenyewe, kwa kumsikiliza mwanawe. Na watoto nao wakazoea mkono. Pumzi yao yote ya ubeti wa tatu walijifunza kwa fundi anayechota misumari.

— Lakini Mwalimu si huwaongoza kwa mikono? akauliza Ramani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliuliza kwa sababu hakujua.

Hilo lilikuwa la kumuuliza Mwalimu. Pindo akapiga simu. Kule ng'ambo walikuwa wameshafika nyuma ya jukwaa, wanavaa. Pindo alieleza kwa maneno machache, kisha akainua simu ili spika yake isiyo na adabu ifanye kazi yake.

Ikasikika pumzi ya Mwalimu anayecheka na kuona haya kwa pamoja.

— Fundi, hata mkono wangu ulikuwa unakufuata wewe. Unadhani kwa nini niliacha kukunyamazisha? Siku uliyokuwa huna kazi nyingi, watoto waliyumba. Nikajua unatusaidia. Sikujua tu ni kiasi gani. Huku kuta za ukumbi zimevishwa mazulia, hata kikohozi hakisikiki.

Ramani akashauri hapo hapo kwamba Soli agonge ndani ya simu, na simu iwekwe jukwaani. Mwalimu akasema sauti ya simu huchelewa njiani, itawaharibu zaidi. Ramani akawatazama wenzake mmoja mmoja, kuhakikisha wamesikia kwamba sauti hupata taabu njiani.

— Nipe mwanangu, akasema Soli.

Chiriku akaja. Alisema shikamoo kwa sauti ndogo, akaitikiwa marahaba. Alianza kueleza kwamba ameshamwomba Mwalimu. Baba yake akamkatiza, naye si mtu wa kukatiza watu.

— Umevaa viatu gani?

— Hivi vyeusi. Vya kisigino ulichonitia.

— Vua kimoja.

Ikasikika purukushani kidogo.

— Nimevua.

— Jukwaa lina zulia?

— Hapana. Ni mbao.

— Basi kishike kama mimi ninavyoshika nyundo. Mbili za kuusimamisha, moja ya kuuzamisha. Ubeti wa pili ukiisha, usigonge. Chota misumari. Kisha uingie.

— Baba, nitagonga vipi na huku naimba?

— Mimi hugonga huku nakusikiliza wewe, na sijawahi kujigonga kidole. Utaweza, mama.

Halafu, karibu na simu, kisigino kikagonga ubao. Ko, ko, koo. Akagonga tena. Na nyuma yake, sauti moja ya mvulana ikaanza kunong'oneza wimbo, kisha ya pili, kisha nyingi, mpaka Mwalimu akawaambia wangoje, waache kidogo kwa ajili ya wageni.

Msaidizi wa Mwalimu aliahidi kuiacha simu wazi kwenye kiti cha mbele. Nimesikia watu wakisimulia mambo mengi ya mtaa ule, lakini kungoja kule ni watu wachache wanaokusimulia sawasawa, maana kila mmoja alikuwa anajitazama mwenyewe. Mteja wa Utafiti alitoka nje na nusu ya kichwa, kitambaa shingoni, akasimama nyuma ya benchi. Muuza mkaa alivuka barabara. Soli alilifungua sanduku, akaitoa nyundo, akaiweka gotini, wala hakugonga. Kopo la misumari lilikuwa mahali pake, mkono wa kuume.

Ikaja milio ya makofi, kisha kimya kipana. Kisha: ko, ko, koo.

Wavulana wakaingia chini. Wasichana wakapanda juu yao. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyebaki nyuma. Walikwenda pamoja kama watu wanaorudi nyumbani kwa njia wanayoijua. Mtoto wa mgongoni akarusha miguu. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukafika mwisho wake, kisigino kikatulia, na ukumbi mzima wa ng'ambo ukanyamaza pamoja na benchi la mguu wa matofali.

Mkono wa Soli ukaenda koponi wenyewe.

Vidole vyake vilipogusa misumari, Chiriku akafungua ubeti wa tatu.

Sitakwambia jinsi alivyoimba, maana waliokuwepo wenyewe hawawezi. Nitakwambia kilichofuata. Makofi yalikuja kama mvua juu ya bati, hayakuisha, na ndani ya makofi yale watu wa ng'ambo wakaanza kugonga sakafu kwa viatu vyao, mbili nyepesi, moja nzito, wakiutaka wimbo tena. Wakapewa. Safari ya pili ukumbi wote uligonga, na ulipofika kwenye kimya kile, ukumbi wote ukanyamaza.

Baadaye Chiriku alikuja kwenye simu akihema.

— Baba, wamesimama. Wote wamesimama.

— Nimesikia, akasema Soli. Vaa kiatu, usije ukachomwa na kitu.

Alifuta uso kwa kitambaa cha kupakia rangi, akajipaka weusi shavuni, na hakuna aliyemwambia. Pindo alikuwa analia waziwazi na kuwatukana wote kwa mapenzi. Utafiti akakohoa, akasema utafiti unaonyesha kwamba nyundo ikitumiwa vizuri husafisha masikio. Kisha akaona hiyo haitoshi, akainama akasema, jirani, nisamehe. Soli akamsukumia kikombe chake mwenyewe. Kikombe kilikuwa kitupu. Wakamgeukia muuza kahawa, naye akalipindua buli kichwa chini: halikutoa hata tone, na moto ulikuwa umezimika zamani, mwenyewe hakujua saa ngapi.

— Penye wengi hapaharibiki neno, akasema Ramani, akiwa na furaha kuliko wote. Nilisema tangu mwanzo.

— Ulisema mifupa, akamkumbusha Pindo.

Mama wa sandali alikuwa bado ameketi pembeni, mguu mmoja peku.

— Na kiatu changu je, fundi?

Benchi zima likatazamana, kisha wakacheka mpaka mtoto mgongoni akacheka nao. Soli akaipokea sandali kwa mikono miwili. Akajaza misumari midomoni, akaanza, na mtaa ukasikia ile sauti ambayo tangu mchana ilikuwa imekosekana.

Kwaya imesharudi, dirisha liko wazi, na wimbo ule sasa unaimbwa na shule nyingine pia. Jambo moja tu nakuomba ulikumbuke. Ukiusikia popote, ubeti wa pili ukiisha kutakuja kimya kidogo. Usidhani watoto wamesahau. Ngoja nao. Fundi anachota misumari.